"Kwani ni harusi yako?" Basi la Malindi kwenda Lamu lilivyonikosesha harusi ya shoga yangu

"Kwani ni harusi yako wewe?" Haya maneno niliambiwa na kondakta mbele ya abiria wote, wengine wakacheka, na mpaka leo nikikaa naosha vyombo nayasikia. Jina la kampuni siliandiki, lakini uzoefu wangu nauandika wote.

Nilikuwa naenda harusi ya shoga yangu. Tumesoma dawati moja tangu darasa la kwanza, kisha wao wakarudi kwao Lamu mimi nikabaki Malindi, na tukaahidiana tangu tuko wasichana kwamba siku ya kutolewa mmoja wetu bibi harusi, mwenzake atakuwepo. Nikaha ilikuwa baada ya Alasiri, kupamba usiku huohuo. Kwa asiyejua, kupamba ni shughuli ya wanawake peke yao, bibi harusi analetwa usiku, hina mikono na miguu, asumini kichwani, macho ameinamisha, na simu zote zinaachwa mlangoni. Yaani hakuna picha, hakuna video ya kutumiwa kesho yake kwa wasapu. Uliyekuwepo umeona, usiyekuwepo ndio basi tena.

Basi tiketi imeandikwa saa mbili na nusu asubuhi, tukatoka saa tano kasoro. Hilo nimesamehe, nimezoea. Mambrui tukapita, Gongoni tukapita, Garsen tukavuka daraja la Mto Tana, nikasema alhamdulillahi, barabara yenyewe siku hizi lami, si kama zamani mvua ikinyesha unalala kwenye tope na mabuzi ya watu. Hatukwenda mbali basi likaanza kuchemsha, moshi mbele, dereva akaweka pembeni. Paipu ya rejeta imepasuka. Jua la saa nane, kivuli hakuna, kushoto mathenge kulia mathenge, na ile miiba yake huwezi hata kuingia ndani ujisitiri ukitaka haja. Kulikuwa na mama ana mtoto mchanga akawa anampepea na tiketi.

Kuharibika sina neno, chuma ni chuma. Neno langu ni hili: tumekaa pale zaidi ya saa tatu na huyo kondakta hakusema kitu. Hakusema tunangoja nini, hakusema fundi anatoka wapi, yeye yuko upande wa kivuli cha basi anachezea simu. Likapita basi lingine lina nafasi nyuma, tukalisimamisha, mimi nikamfuata kwa adabu kabisa, nikamwambia kaka samahani, naomba unifungulie buti nitoe mkoba wangu nipande hilo, nina harusi leo usiku. Akasema ufunguo anao tanboi, yaani utingo, na tanboi ameenda Garsen na boda kutafuta paipu. Nikamwambia basi nipe hata nusu ya nauli, mkoba nitauchukua Mokowe tunakoshukia. Hata hakuinua macho, ndipo akaniambia, "Mama, kwani ni harusi yako wewe? Wataoana tu hata usipokuwepo."

Nilinyamaza. Mimi si mtu wa kunyamaza, waulize jirani zangu, lakini koo lilinikaba, na lile basi lingine likaondoka. Najuta mpaka leo kwamba sikuuacha ule mkoba nikapanda, mna nini mle, leso doti mbili na udi na nguo yangu ya kuvaa, ningekwenda hata na dira la safari.

Paipu ikaja, ikafungwa na waya na mpira, tukaenda polepole kama tumebeba mayai. Kufika Gamba kwenye kizuizi jua limeshazama. Askari wakatushusha, vitambulisho, mizigo, kisha wakasema usiku hatupiti, tulale hapo mpaka asubuhi tuondoke na magari mengine na eskoti. Askari siwalaumu, barabara ile kila mtu wa pwani anajua mashambulizi yaliyotokea na wanafanya kazi yao. Tungefika mapema tungepita, na tungefika mapema kama tungetoka saa mbili na nusu. Kwa hiyo pale juu nilisema nimesamehe kuchelewa, nimebadilisha, sijasamehe.

Usiku kama saa tatu dada yake bibi harusi akanipigia, anasema uko wapi wewe, wageni weshakuya, mimi naiwata simu mlangoni sasa. Nyuma yake nasikia vugo linapigwa, zile pembe, na vigelegele. Nikamwambia niko Gamba. Akanyamaza kidogo akasema, "Ndiani?" yaani bado njiani, kisha simu ikakatika. Nililia ndani ya lile basi wallahi, nimefunika uso na mtandio watu wadhani nimelala.

Sasa hapa lazima niseme haki. Dereva, mzee mmoja mtu mzima, alishuka akaenda akarudi na maji ya chupa na maandazi, akagawa kuanzia kwa wenye watoto, pesa ya mfukoni mwake. Aliponifikia akaniambia pole sana binti yangu, nimesikia ulichoambiwa, si maneno yale. Kisha akatandika mkeka chini akalala kwenye mlango wa basi. Kwa ajili yake nilikuwa nataka kuwapa nyota mbili badala ya moja. Anaendesha kwa akili, hashindani na mtu, gari lingekuwa zima ningesafiri naye kila wiki.

Asubuhi tukapita Witu, tukapita Hindi, Mokowe nikapanda boti, na kila nikiuona ule mji mbele, forodha, punda wamefungwa ukingoni, moyo unazidi kuwa mzito badala ya kufurahi. Nimeingia kwao nakuta majamvi yanakunjwa na asumini zimekanyagwa sakafuni. Bwana harusi yuko juu kwa mkewe, fungate imeshaanza, sasa mimi nitagonga vipi? Mamake shoga yangu akanikalisha, akanipa chai ya tangawizi na mahamri na mbaazi, akaniambia mwanangu usilie, mwenzio kabla ya kutolewa aliuliza mara tatu, "Amefika?" Mara ya tatu wakamdanganya amefika, yuko nyuma, ili akubali kutoka.

Kwa hiyo ile nyota ya pili nimeiondoa. Nimebakisha moja na hiyo ni ya mzee dereva, kampuni haina kitu hapo.

Nilivyorudi Malindi nilikwenda ofisini kwao, karani akasema nauli ya gari lililofika hairudishwi, andika barua. Nimeandika. Nikaenda tena, barua haionekani, nimeandika nyingine. Na nieleweke, mimi sidai nauli, nauli wakae nayo. Nataka yule kijana kondakta anipigie simu aniombe msamaha kwa mdomo wake. Namba yangu iko kwenye tiketi.