Oili gani kwa gari lililochoka? Nimejaribu tatu kwenye injini moja

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo mezani nina makopo matatu ya oili, na nyuma yangu hapo mnaliona gari lenyewe: la mwaka 1994, injini ya petroli ya silinda nne, mita inasoma kilomita 287,000. Inasoma hivyo, lakini mita za magari ya umri huu tunazijua wenyewe.

Makopo nimeyageuza majina yatazame ukutani. Si woga. Kila kampuni kubwa inatengeneza oili za aina hizi zote tatu, na mtu anayebishana kuhusu jina kabla hajasoma namba anabishania rangi ya kopo. Kwa hiyo ninachochambua leo ni namba: hili la kwanza ni 20W-50 ya madini, la kati ni 10W-40 nusu sintetiki iliyoandikwa kwamba ni ya magari yenye kilomita nyingi, na hili dogo ni 5W-30 sintetiki kamili. Zote zimepita kwenye injini hiyo hiyo, kila moja na filta yake mpya.

Nianze na ule usemi ambao kila mwenye gari kuukuu ameshaambiwa na fundi: "Bosi, hili limezeeka, liwekee nzito." Nimeufuata usemi huo miaka mingi bila kuuliza. Na una ukweli ndani yake. Injini ikitumika, nafasi kati ya kranki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, na beringi zinazoushikilia zinapanuka, ringi za pistoni zinalika, na oili nyepesi inapenya kirahisi palipopanuka. Oili nzito inakaa. Mpaka hapo fundi yuko sahihi. Shida ni kwamba tunasema "nzito" kana kwamba oili ina uzito mmoja, wakati kopo lenyewe limeandikwa namba mbili.

Ile W watu wengi wanadhani ni uzito. Siyo, ni herufi ya neno la Kiingereza linalomaanisha majira ya baridi. Namba iliyo kabla yake inaeleza oili inavyotembea ikiwa baridi. Ndogo zaidi, inatembea upesi zaidi. Namba ya nyuma inaeleza unene wake injini ikishapata moto, inapimwa kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Kwa hiyo 5W-40 na 15W-40, injini ikiwa moto, ziko daraja moja la unene. Zinaachana asubuhi tu.

"Kwetu hakuna barafu, hiyo ya baridi inanihusu nini?" Hili swali naulizwa kila mara, na jibu lake ndilo lililonibadilisha mimi. Chukua nyuzi 40, joto la mchana mkali tu. Katika joto hilo 20W-50 ya kawaida huwa na unene wa kama sentistoksi 160 (ni kipimo cha unene, namba kubwa ni oili nzito), wakati 5W-30 iko kwenye 60 au 70. Ikifika nyuzi 100, ile ya kwanza ni kama 18 na hii ni kama 11. Mnaona? Injini ikiwa moto tofauti si ya kutisha. Ikiwa imelala usiku kucha, moja ni nzito zaidi ya mara mbili ya nyenzake, na hapo hatujataja barafu. Na asubuhi ndipo injini inapoumia, kwa sababu oili yote imeshateremka kwenye sampo, lile bakuli la chini ya injini, na huko juu kwenye kamshafti, mhimili unaofungua valvu, imebaki utando tu.

Sasa majaribio yenyewe.

20W-50. Hii ndiyo gari lilikuwa linakunywa tangu nilinunue. Ikiwa moto, injini imetulia, taa ya oili haichungulii hata kwenye foleni. Lakini asubuhi, tapeti, vile vipande vinavyosukumwa na kamshafti, zinagonga tak-tak-tak kwa sekunde kadhaa kabla hazijanyamaza. Nilikuwa naona ni kawaida ya uzee, kama magoti yangu. Kuna jambo jingine ambalo halisikiki: ndani ya filta, au pembeni yake, mna valvu ndogo ya kupitishia oili. Oili ikiwa nzito mno na baridi, filta inashindwa kuipitisha haraka, valvu inafunguka, na oili inaenda kwenye beringi bila kuchujwa. Unalipia filta nzuri, halafu mwanzoni mwa safari, injini ikiwa baridi, huenda haifanyi kazi yake yote.

5W-30 sintetiki. Asubuhi ya kwanza nilidhani kuna kitu kimeharibika, maana kulikuwa kimya. Tapeti hazikusema neno. Gari likawa jepesi kidogo, au labda nilitaka liwe jepesi. Furaha hiyo haikufika mbali. Moshi wa buluu ukaanza kutoka kila nikiwasha baada ya gari kulala, na kijiti cha kupimia kilishuka kutoka alama ya juu hadi ya chini kabla sijafika nusu ya kilomita za kubadilisha oili. Kwenye magari mengi kati ya alama hizo mbili ni kama lita moja. Kisha tone likatokea chini, kwenye gasketi ya kava la valvu, ile inayokaa kati ya vyuma viwili kuzuia oili isivuje.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo inapozaliwa ile hadithi kwamba sintetiki inatoboa sili, ile mipira ya kuzuia oili isivuje, za magari ya zamani. Oili haikutoboa kitu. Gasketi ile ilikuwa imekakamaa muda mrefu, na tope la oili kuukuu lilikuwa limeiziba kama udongo kwenye ufa. Oili mpya yenye sabuni nyingi ikalisafisha lile tope, na kwa kuwa ni nyepesi ikapata njia. Sintetiki za mwanzo kabisa, zile za miaka ya 1970, ziliwahi kugombana na baadhi ya mpira wa sili. Za siku hizi zinachanganywa ili sili isisinyae wala isivimbe. Kwa hiyo lawama ni ya gasketi. Ila sifa hiyo ya kusafisha ni sababu nzuri ya kutomwaga dawa kali za kuosha injini ndani ya gari ambalo historia yake huijui. Tope likibanduka kwa vipande vikubwa linaweza kuziba chujio la pampu, na pampu ikikosa oili hutapata nafasi ya kujuta taratibu. Mimi ningemwaga oili mapema mara mbili au tatu mfululizo, isafishe polepole.

10W-40 ya kilomita nyingi. Hizi oili zina viambato vya kulainisha na kuvimbisha kidogo sili zilizokakamaa, na aghalabu zinatengenezwa ziwe upande mnene wa daraja lake. Hilo la "upande mnene" lishikeni. Daraja la 30 linaanza sentistoksi 9.3 hadi karibu na 12.5, na daraja la 40 linaendelea kutoka 12.5 hadi karibu na 16.3. Maana yake 30 nene na 40 nyepesi ni majirani wa ukuta mmoja, lakini 30 nyepesi na 40 nene ni watu wawili tofauti. Kwenye gari langu, tapeti ziligonga kidogo tu asubuhi, moshi wa buluu ukapungua ingawa haukuisha, na kijiti kilifika robo tatu ya kilomita hizo kikiwa bado katikati. Tone la gasketi lilibaki. Nilibadilisha gasketi. Hakuna kopo litakalofanya kazi ya gasketi.

Basi mshindi wangu ni huyu wa kati, lakini msikimbie kumnunua kwa sababu ya video hii. Fungua kwanza kitabu cha gari lako. Vitabu vingi vya magari ya miaka ya 1980 na 1990 vina mchoro wa halijoto wenye mistari: joto la unakoishi upande huu, oili zinazoruhusiwa upande ule. Mara nyingi si oili moja, ni nne au tano. Ndani ya mchoro huo ndimo unamochagua. Kama injini haili oili na presha iko sawa, huna sababu ya kupanda daraja la unene, hata kama mita imepita 300,000. Umri peke yake si ugonjwa. Kama inakula, panda hatua moja, uangalie kijiti kila wiki. Na kama gari lako lina mfumo wa kubadili taimingi ya valvu unaosukumwa na presha ya oili, usiruke kwenda 50 bila ruhusa ya kitabu, maana vijia vyake ni vyembamba na vinataka oili inayofika kwa wakati.

Geuza kopo nyuma sasa, tafuta herufi za API, taasisi ya petroli ya Marekani inayopanga viwango vya oili. S ni ya petroli, C ni ya dizeli, na herufi inayofuata inaonyesha kizazi: SJ ni ya miaka ya 1990, SL ikaja 2001, SN 2010, SP 2020. Kizazi kipya kwa kawaida kinabeba kazi ya kile cha zamani, hivyo SP kwenye gari la 1994 haina tatizo. Hatari iko upande wa pili. Bado kuna oili za bei ya chini zilizoandikwa SF, na API yenyewe inasema SF haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1988. SA ndiyo kichekesho kabisa, mwisho wake ni injini za 1930. Mtu anakuuzia "ya gari la zamani", na kweli ni ya zamani, ila ya zamani za babu yako.

Wenye magari ya miaka ya 1960 na 1970, nyinyi mna kesi yenu. Kamshafti zenu nyingi zinasugua moja kwa moja juu ya tapeti bapa, na kinachozuia zisilane ni kiambato cha zinki na fosforasi. Fosforasi inaharibu kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, kwa hiyo tangu SM ya 2004 oili nyepesi kama 5W-30 na 10W-30 ziliwekewa kikomo cha asilimia 0.08. 15W-40 na 20W-50 hazikubanwa na kikomo hicho. Kwenu ushauri wa fundi wa "weka nzito" una mantiki ambayo huenda hata yeye haijui.

La mwisho kabla sijafunga boneti. Ukiona taa ya oili inachungulia ukiwa umesimama na injini ni moto, usikimbilie 20W-50 ili izimike. Itazimika kweli, na beringi zitaendelea kulika gizani. Pima presha kwa geji kwanza. Moshi wa buluu unaotoka unapowasha tu mara nyingi ni sili za valvu, hizo zinabadilishika bila kushusha injini. Unaotoka kila ukikanyaga mafuta ni ringi, na hapo tunazungumza mambo mengine. Oili ikiwa nyeusi msihangaike, hiyo imebeba uchafu, ndiyo kazi yake. Ikiwa kama chai ya maziwa, zima gari, maji yameingia.

Haya, tuone kijiti. Nakifuta, nakirudisha, natoa... mnaona, juu kidogo ya katikati. Naongeza kidogo ya hii hii ya 10W-40, taratibu, maana ukipitisha alama ya juu kranki inaichapa oili mpaka inatoa povu. Hapo. Inatosha.