Kibaha hadi Posta kila siku: pikipiki gani ya bei nafuu itahimili?

Kutoka Maili Moja, Kibaha, hadi Posta katikati ya Dar es Salaam ni kilomita 40 hivi. Kwenda na kurudi 80, mara siku 24 za kazi, ni kilomita 1,920 kwa mwezi. Kwa mwaka inavuka 23,000. Kwa matumizi ya namna hiyo, bei ya dukani Kariakoo inakuwa jambo la pili. La kwanza ni kila kilomita 2,000 zitakula nini: mafuta, oili, cheni, tairi, na siku za kushinda kwa fundi.

Pikipiki ya cc 100 iondoe kwenye hesabu. Ni kweli inakunywa kidogo kuliko zote, lakini ukishapita Kimara barabara ni ya njia nane, malori ya Zambia na Kongo yanakuja nyuma yako, na wewe ukifika kilomita 70 kwa saa huna tena cha kuongeza. Injini inayokamuliwa hadi mwisho asubuhi na jioni inamaliza ringi za pistoni mapema. Hiyo ni pikipiki ya mtaani.

Kati ya 125 na 150, anayepanda peke yake achukue 125. Ikitunzwa, kwa mwendo wa 60 mpaka 70, inatoa kilomita 45 hadi 50 kwa lita. 150 hutoa 40 hivi. Kwa mwezi hiyo ni tofauti ya lita 5 hadi 10. Petroli ikiwa shilingi 3,000, ni kama 15,000 hadi 30,000, na bei yenyewe EWURA, mdhibiti wa nishati, huitangaza upya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Ukiwa unambeba mtu kila siku, chukua 150 na usijutie mafuta. 125 yenye watu wawili kwenye mlima utaishusha gia kila mara na faida yote itaishia hapo.

Kwa 125, tunaiweka mbele TVS HLX 125 ya gia tano. Ipo pia ya gia nne, kwa hiyo hesabu gia kabla hujalipa. Gia ya tano ndiyo inayoifaa safari ndefu: kwa mwendo uleule injini inazunguka taratibu zaidi, joto linapungua, na mikono haifi ganzi. Kwa 150 ni Bajaj Boxer, yenye cc 144.8. Spea zake zipo hata vibanda vya Mlandizi, na kila fundi ameshaifungua injini yake. Tenki ni la lita 11. Ukijaza Jumatatu asubuhi unafika Ijumaa. Tabu ya spea nyingi ni feki nyingi, hasa seti za cheni na klachi pleti. Ya bei ya kutupa iache.

Udhaifu mkubwa wa hizi mbili ni breki ya mbele ya ngoma. Ukipita kwenye maji, maji yanaingia ndani ya ngoma, na ukishika breki mara ya kwanza haishiki. Ukitoka kwenye dimbwi, shika breki kidogo huku ukiendelea kwenda mpaka ikauke. Kama fedha inaruhusu HLX 150 yenye diski mbele, tofauti hiyo inalipa kuliko rimu za sporti.

Za Mchina, SanLG, Fekon na wenzake, zinapungua bei kwa laki kadhaa. Nyingi zinabeba injini ya mfumo wa Honda CG125 ya miaka ya 1970, inayosukuma vali kwa vijiti badala ya taimingi cheni. Injini hiyo si mbovu hata kidogo; ilibuniwa kuvumilia watu wanaosahau oili, na inavumilia kweli. Shida ni mtetemo. Ikipita 70 kwa muda mrefu inalegeza bolti za eksozi na mabano ya taa, na inakata balbu. Kwa kilomita 15 kwa siku ingekuwa chaguo zuri. Kwa 80, zile laki ulizookoa zitarudi gereji polepole.

Pikipiki zote hizi zimepangwa gia kwa ajili ya bodaboda: abiria wawili, kiroba cha mchele, matope. Mpanda pekee anaweza kubadili sproketi ndogo ya mbele, ile ya meno inayovuta cheni, kwa kuongeza jino moja. Ikitoka 14 kwenda 15, injini inapunguza mizunguko karibu asilimia 7 kwa mwendo uleule. Spidomita inayovutwa na gurudumu la mbele haidanganyi baada ya hapo. Ila ukibeba mzigo mlimani utaikumbuka ile ya 14.

Oili ni lita moja na kidogo tu, na inahudumia injini, gia na klachi kwa pamoja, ndiyo maana inachoka haraka. Weka 20W-50 ya pikipiki, badilisha kila kilomita 2,000, yaani kila mwezi. Oili ya gari inaweza kuifanya klachi iteleze. Cheni iache icheze sentimita 2 hadi 3, uipake oili kila kilomita 500. Tapeti, yaani nafasi za vali, zipimwe injini ikiwa baridi, kila kilomita 5,000. Zilizobana hazipigi kelele, na ndizo zinazounguza vali.

Ukinunua iliyotumika, chukulia kwamba ilikuwa bodaboda ya mkataba hata kama kilomita zinasoma chache, maana waya wa spidomita huchomolewa. Tazama meno ya sproketi ya nyuma: yakiwa yamepinda kama mapezi ya papa, cheni imeshakwisha. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, shika gurudumu la nyuma ulitikise kushoto na kulia; likicheza, bushi zimekufa au beringi. Iache iungurume dakika tano kisha vuta mafuta ghafla. Moshi wa bluu ni ringi au sili za vali. Mwisho linganisha namba ya injini na fremu na zile za kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Kama hazifanani, usiingie kwenye mazungumzo ya bei.