Sintesaiza ya kubebeka: ipi inunuliwe kwanza na ipi isubiri

Sintesaiza ndogo mpya, yaani kinanda cha umeme kinachounda sauti zake chenyewe, ikitoka tu, wiki za kwanza hujaa maoni ya watu walioipata mapema. Mmoja anasema sauti yake haina mfano, mwingine analalamika kwamba menyu zimefichwa mno, wa tatu ameirudisha kwa sababu vidole vyake vimeshindwa na vitufe. Mnunuzi akiyasoma yote hayo huchanganyikiwa, kwa kuwa kila lalamiko huonekana lina uzito sawa na jingine. Halina. Yapo mambo ambayo mtengenezaji anaweza kuyarekebisha baadaye kwa sasisho la programu, na yapo yatakayobaki vilevile mpaka siku kifaa kitakapokufa. Ukubwa wa vitufe, matundu ya kuchomekea waya, spika iliyopo au isiyokuwepo, betri ya kubadilisha au iliyofungiwa ndani: hivyo havisasishwi. Orodha hii nimeipanga kwa kutanguliza hayo yasiyobadilika.

Nimechukua vifaa vinavyoweza kupigwa mbali na soketi ya ukutani. Mnunuzi ninayemfikiria ananunua sintesaiza yake ya kwanza au ya pili, na anataka kuelewa sauti inaundwaje, si kuchagua tu sauti zilizopangwa kiwandani. Kwa mtu mwenye studio iliyojaa vifaa, mpangilio ungebadilika, hasa nafasi ya mwisho.

Ya kwanza: Yamaha reface CS

Ilitoka mwaka 2015 pamoja na ndugu zake watatu, DX, CP na YC, na bado naiweka juu ya zote zilizokuja baadaye. Ina vitufe 37 vya piano, vidogo kuliko vya kawaida lakini vyenye mkazo mzuri chini ya kidole, na mikono miwili inapata nafasi. Ina spika zake mbili. Inatumia betri sita za AA zinazodumu takriban saa tano; zikiisha unaweka nyingine na kuendelea. Ina uzito wa kilo 1.9, kwa hiyo mfukoni haiingii, ila kwenye begi la mgongoni inaingia, na mapajani inakaa vizuri.

Kilichowagawa wamiliki wake tangu mwanzo ni kwamba CS haina kumbukumbu ya sauti. Sauti uliyoiunda iko pale slaida zilipo. Ukizisogeza imeondoka, isipokuwa uwe umeihifadhi kwa kuunganisha simu au kompyuta. Wengi waliihesabu kuwa kasoro kubwa. Kwa mwanamuziki anayehitaji sauti kumi tofauti jukwaani katika onyesho moja, ni kasoro kweli, tena asiinunue. Kwa anayejifunza, naamini hakuna mpangilio bora kuliko huu. Karibu kila kinachounda sauti kiko juu ya kifaa mbele ya macho yako: aina tano za osileta (chanzo cha wimbi la sauti), filta moja (inayochuja sauti hiyo), slaida nne zinazoamua sauti inaingiaje, inashukaje, inakaa wapi na inafifiaje, na mtikiso mmoja wa kuiyumbisha. Hakuna ukurasa wa pili wala kitufe cha kushikilia ili kingine kibadilishe kazi. Sauti ikigeuka kali ghafla, unaona slaida iliyoigeuza. Ukitaka kurudi kwenye sauti ya jana inabidi uijenge upya, na kwa kuijenga mara kadhaa unaanza kujua kwa nini inasikika hivyo.

Inatoa noti nane kwa wakati mmoja, kwa hiyo kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) nzito za mikono miwili hazikatiki. Ina pia nafasi ya kurekodi kipande kifupi kikajirudia huku wewe ukisogeza slaida, na hapo ndipo mtu husahau muda.

Ukiinunua mkononi mwa mtu, uliza kama ule waya wake mdogo wa MIDI, yaani njia ya vifaa vya muziki kuwasiliana, bado upo kwenye boksi. Tundu la MIDI la reface si la kawaida, na waya wake hupotea kirahisi. Kama sauti unazozipenda ni za piano za umeme na vyuma vinavyolia, chukua reface DX badala ya CS. Hiyo inafuata njia ya FM, ambapo wimbi moja hutikisa jingine ili kuunda sauti, ileile iliyoipa sintesaiza ya Yamaha DX7 umaarufu kuanzia mwaka 1983, na yenyewe ina kumbukumbu ya sauti 32. Ila kuelewa FM kunachukua muda mrefu zaidi, na siipendekezi kwa anayeanza kabisa.

Ya pili: Roland S-1

Hii inaenea kwenye kiganja. Ilitoka mwaka 2023 katika familia ya AIRA Compact, na moyo wake ni sintesaiza ya Roland SH-101 ya mwaka 1982, iliyotengenezwa upya kwa njia ya kidijitali. SH-101 ililia noti moja tu kwa wakati mmoja. S-1 hulia nne, na imeongezewa mwangwi, korasi na sikwensa (kipanga noti kinachozirudia) yenye hatua hadi 64. Unaweza hata kuinamisha kifaa chenyewe ili sauti ifuate mwendo wa mkono. Besi yake ni nene, tena ni sauti unayoipata ndani ya sekunde chache bila kuhangaika.

Kwa nini basi haikushika namba moja? Haina spika, kwa hiyo bila hedifoni umebeba kifaa bubu. Betri yake imefungiwa ndani na huchajiwa kwa USB-C. Roland wanaikadiria saa nne na nusu. Betri ya namna hiyo huchoka kadiri miaka inavyopita, na kuibadilisha si kazi ya mtumiaji. Vitufe vyake ni vibonyezo vidogo: melodia unaweza kuiandika, kuipiga kwa mikono miwili huwezi. Halafu kazi nyingi zimewekwa nyuma ya kitufe cha kushikilia, na kioo kinaonyesha herufi chache tu zilizokatwakatwa. Siku za mwanzo utaishi na karatasi ya maelekezo pembeni. Wamiliki wake wengi hulalamikia hilo kwanza, na wana haki, ila ni lalamiko linalopungua kadiri vidole vinavyozoea njia.

Ninayempendekezea bila kusita ni yule anayesafiri sana, au ambaye tayari ana kinanda chochote chenye MIDI nyumbani. Ukiunganisha viwili hivyo, tatizo la vitufe linakwisha.

Ya tatu: Arturia MicroFreak

Hapa ndipo tofauti niliyoianza nayo inaonekana waziwazi kuliko kwingine. MicroFreak ilipotoka mwaka 2019, waliopata za kwanza waliisifu kwa osileta zake za kidijitali zinazopita kwenye filta ya analogi, yaani ya saketi za umeme badala ya hesabu za kidijitali. Wakati huohuo walishangazwa na vitufe vyake 25: havibonyei, ni bamba bapa linalohisi mguso na mgandamizo wa kidole. Tangu hapo Arturia wameendelea kutoa masasisho ya bure. Osileta zimeongezeka, mtumiaji akaruhusiwa kuingiza mawimbi yake mwenyewe, ikaja vokoda (inayoipa sauti ya kinanda umbo la maneno ya mtu), zikaja sampuli (vipande vya sauti vilivyorekodiwa) na uwezo wa kuzikatakata kuwa punje ndogo za sauti. Aliyeinunua mwaka 2019 leo ana kifaa kipana zaidi kuliko alichokilipia. Waliosema wakati ule kwamba aina za sauti ni chache walisema kweli, na ukweli wao umepitwa na wakati.

Lakini tazama yaliyobaki palepale. Bamba halijapata vitufe vya kubonyea. Sauti bado inatoka mono, yaani kwa njia moja badala ya kushoto na kulia. Noti nne zinazoweza kulia pamoja bado zinapita kwenye filta moja, kwa hiyo ukishikilia kodi kisha ukaongeza noti, filta inaishika kodi yote na si noti mpya peke yake. Athari za mwangwi hazimo, na usipoiunganisha na kifaa cha nje itasikika kavu. Spika haina, nafasi ya betri haina. Mbali na umeme unahitaji pawabanki, na waya ukichomoka kila kitu kinazimika.

Bamba lile linahitaji maneno yake ya ziada, maana ndilo linaloamua kama utaipenda. Anayetoka kwenye piano hulichukia siku ya kwanza. Anayelipa muda hugundua kwamba mgandamizo wa kila kidole unaweza kuendesha filta, sauti, au chochote ulichokichagua kwenye jedwali la miunganisho, tena bamba linahisi kila kidole kivyake. Vinanda vingi vikubwa na ghali havina uwezo huo. Kwa mtu anayetafuta sauti ambazo hajawahi kuzisikia, MicroFreak ingekuwa namba moja. Nimeishusha kwa sababu ya umeme na spika tu.

Ya nne: Korg volca keys

Ni ya mwaka 2013, inalia noti tatu za analogi kwa pamoja, ina betri sita za AA na spika ndogo. Haihifadhi sauti, inahifadhi mifuatano minane ya noti. Filta ni moja kwa sauti zote. Mwangwi wake una kelele za chinichini, na wapo wanaoupenda hasa kwa hizo kelele. Inapokea MIDI, haitoi. Spika yake haiwezi kubeba besi, kwa hiyo usiihukumu kabla ya kuvaa hedifoni.

Ni kifaa cha kufurahisha kweli, na nobu zake zote ziko wazi kama slaida za reface CS. Kinachoirudisha nyuma ni utepe wake wa vitufe 27 vya kugusa, ambao haujui umegusa kwa nguvu au kwa upole, na nafasi kati ya kitufe na kitufe ni finyu. Nunua kama unataka analogi halisi ndani ya kitu kidogo na hujali sana kupiga kwa mkono.

Ya tano, na ya pekee: Teenage Engineering OP-1 field

Kuiweka mwisho si kuidharau. OP-1 ya kwanza ilitoka mwaka 2011, na wamiliki wake walilia kwa miaka mingi kwamba sauti yake ya ndani ni mono. Hilo halikuwa jambo la sasisho. Sterio ilikuja mwaka 2022, kwa kifaa kipya kabisa, OP-1 field. Sina mfano bora zaidi wa jambo ambalo hupaswi kusubiri lirekebishwe.

Field ina sintesaiza, ngoma, sampla, maikrofoni, redio na kinasa chenye tabaka nne za sauti zinazopangwa moja juu ya nyingine kama kwenye mkanda wa kaseti, na betri ambayo watengenezaji wanaitaja kuwa ya saa 24. Mtu anaweza kutunga wimbo mzima ndani yake, kuanzia wazo hadi mwisho, bila kugusa kompyuta. Lakini nobu zake nne hubadilisha kazi kila ukurasa unapobadilika, huku picha za kioo zikikuonyesha sauti kwa michoro badala ya majina ya kawaida ya sehemu za sintesaiza. Mtunzi anayejua anachokitafuta hufurahia. Anayeanza hujifunza OP-1, kisha akikaa mbele ya sintesaiza nyingine anajikuta anaanza upya. Ndiyo ghali kuliko zote hapa, na kwa umbali mkubwa.

Nje ya tano hizi, Pocket Operator za kampuni hiyohiyo zinaendeshwa na betri mbili za AAA na zinafaa kwa midundo ya hatua 16, lakini kwa kupiga hazifai. Novation Circuit Tracks inafaa zaidi kwa anayetaka kujenga mdundo kamili wenye ngoma na sintesaiza mbili. Ina betri ndani, ila spika iliyokuwemo kwenye Circuit ya kwanza imeondolewa.

Kabla muda wa kurudisha haujaisha

Kifaa kikifika, kiwe cha orodha hii au kipya kuliko vyote, usikimbilie sauti za kiwandani. Vaa hedifoni, ongeza sauti hadi mwisho bila kupiga noti yoyote, usikilize mvumo. Fanya hivyo kwanza kwa betri, halafu kikiwa kimeunganishwa na kompyuta kwa USB, kwa sababu mvumo wa USB ni lalamiko la kawaida sana na mara nyingi hutokana na jinsi vifaa viwili vinavyogawana umeme. Kama unasikika kwa USB peke yake, jaribu chaja nyingine au kitenganishi cha sauti kabla ya kukilaumu kifaa. Kama unasikika hata kwa betri, kirudishe.

Zungusha kila nobu na kusukuma kila slaida kutoka mwanzo hadi mwisho polepole, noti ikiwa imeshikiliwa. Sauti ikirukaruka, sehemu hiyo ina tatizo. Gusa kila kitufe kwa zamu. Chomeka waya kwenye kila tundu na uutikise kidogo. Kisha pakua sasisho la karibuni kabla ya kuandika hitilafu yoyote ya programu, maana kifaa kilichokaa ghalani huja na toleo la zamani.

Na ukitaka kusoma maoni ya wengine, tafuta ya mtu anayetaja alichokipiga na alichokiunganisha nacho. Anayesema betri imekatika katikati ya mazoezi, au kioo hakisomeki juani, amekupa kitu cha kupima. Sifa za sauti peke yake ziache: hedifoni zake si zako.