Uzoefu wangu: Kupima C180 na C200 Kompressor kwa adapta ya simu na kwa tableti

Adapta ndogo ya OBD, ile ya kuchomeka chini ya dashibodi na kuisoma kwenye simu, inatosha kwa matatizo mengi ya Mercedes C180 na C200 Kompressor za zamani. Ila inamtosha mtu asiyegeuza kila kodi kuwa orodha ya kwenda nayo Gerezani, kule Dar es Salaam kwenye maduka ya spea. Kodi ninazozisema si za TRA. Ni zile P0016, P0171 na P0341 zinazokutwa taa ya injini ikishawaka. Kodi inakwambia kompyuta imelalamikia nini, basi. Mkosaji ni wa kumtafuta mwenyewe, na kwa injini hii mara nyingi anakaa mbali na pale palipolalamikiwa.

Nazungumzia injini ya M271 yenye supachaja ya mkanda (pampu inayosukuma hewa ndani ya injini), iliyoingia kwenye W203 mwaka 2002 na kuendelea hadi W204 za mwanzo; W203 na W204 ni vizazi viwili vya C-Class vilivyofuatana. Kwenye W203, C180 Kompressor na C200 Kompressor zote zina sisi 1796. Ya kwanza ina nguvu za farasi 143 na ya pili 163. Kwa hiyo namba iliyobandikwa nyuma ya buti isikuchanganye dukani. Spea agiza kwa namba ya chesisi, tarakimu zote 17.

Vifaa nilivyotumia ni viwili: adapta ya bluetooth ya bei ya chini, na tableti inayouzwa kwa ajili ya magari ya Kijerumani. Adapta inasoma injini peke yake, tena kodi zile za jumla. Airbag, ABS, giaboksi, swichi ya ufunguo na masanduku ya umeme yaitwayo SAM haiyaoni kabisa, kwa hiyo "hakuna kodi" kwenye simu isikupe usingizi. Namba ya toleo iliyoandikwa kwenye ganda lake, 1.5 au 2.1, isikushawishi, zilizo nyingi ni nakala na lebo ni karatasi tu. Ijaribu kabla ya kulipa: ikishika gari na kuonyesha vipimo vinne kwa pamoja bila kukatika, chukua. Na usiiache imechomekwa gari likilala, inanyonya betri.

Tableti inaingia kwenye kompyuta zote za gari, na inaweza kuamuru kifaa kifanye kazi ili uone kama kinatii. Hapo ndipo thamani yake ilipo. Ubaya wake ni leseni ya mwaka: ikiisha, masasisho yanasimama mpaka ulipe tena. Kwa mwenye gari moja naona ni gharama isiyo na sababu. Kwa gereji inayopokea Mercedes kila wiki, bila hiyo mnapapasa gizani.

Kabla ya kufungua programu yoyote, shika multimita. Magari haya yana kompyuta nyingi zinazozungumza kwa waya, na volti ikishuka zinaanza kusingiziana. Betri iliyopumzika usiku kucha isome karibu volti 12.6; ikiwa 12.2 imeshafika nusu. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 10. Injini ikiwaka, taa na feni zikiwa wazi, oltaneta itoe kati ya 13.8 na 14.5. Gari lenye kodi kumi za mifumo kumi tofauti kwa mara moja, mimi naanza na betri na nyaya za ethi, na sigusi sensa hata moja mpaka hapo pamenyooka. Kisha nakili kodi zote, pamoja na picha ya vipimo iliyohifadhiwa kodi ilipojitokeza (joto, mwendo, mizunguko), ndipo ufute. Fundi anayefuta kwanza na kuuliza baadaye ametupa ushahidi.

Sasa P0016 na P0017, kodi zinazowatisha wengi. Maana yake ni kwamba kamshafti (inayofungua valvu) na krankishafti (inayozungushwa na pistoni) hazilingani kama kompyuta inavyotarajia: P0016 upande wa kuingiza hewa, P0017 upande wa eksozi. Mtandaoni utaambiwa ubadilishe sensa. Anza na oili. Virekebishi vya kamshafti, zile gia zinazobadilisha muda wa valvu kufunguka, vinaendeshwa kwa presha ya oili, na oili ikipungua au ikiwa nzito kupita kiasi vinachelewa kuitika. Injini hii inachukua takriban lita 5.5 pamoja na filta, na oili iwe na idhini ya MB 229.3 au 229.5 iliyoandikwa kwenye galoni. Neno "sintetiki" peke yake halitoshi.

Oili ikiwa sawa, sikiliza injini ikiwashwa alfajiri ikiwa baridi kabisa. Mlio wa kukwaruza wa sekunde mbili tatu kisha kimya unaelekeza kwenye cheni ya taimingi, tenshena, au meno ya gia za virekebishi. Huu ni udhaifu unaojulikana wa M271: cheni hurefuka na meno huliwa. Funua kava la juu, zungusha injini kwa spana kwenye puli ya krankishafti, kila mara kwa uelekeo wake wa kawaida, hadi alama ya TDC (pistoni ya kwanza iko juu kabisa), halafu linganisha alama za kamshafti zote mbili. Meno yenye ncha kali kama papa yamekwisha. Hapa hakuna kubahatisha, kwa sababu cheni ikiruka meno, valvu zinakutana na pistoni.

Cheni mpya inaweza kuvutwa kwa kuifunga nyuma ya ile ya zamani na kugongwa rivet kwa kifaa chake, bila kushusha kava la mbele. Lakini kuvuta cheni mpya juu ya gia zilizoliwa ni kutupa pesa. Badilisha cheni, virekebishi vyote viwili, boliti zake na tenshena kwa mara moja. Boliti hizo hukazwa mara moja tu, ya zamani usiirudishe.

Kuna ugonjwa mwingine unaotoa kodi zilezile na nyingine zaidi, na ndio unaopoteza pesa za watu kuliko cheni. Mbele ya kichwa cha injini kuna sumaku mbili za umeme zinazoongoza virekebishi vya kamshafti. Zikichoka, oili hupenya ndani ya sumaku na kutokea kwenye pini za soketi. Ikishafika kwenye shaba ya waya haikai hapo. Inapanda ndani ya ganda la waya kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa koroboi, taratibu, kwa miezi, mpaka kwenye soketi za sensa za oksijeni na kwenye kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini yenyewe. Hapo unapata P0341 ya sensa ya kamshafti leo, kodi ya sensa ya oksijeni kesho, P0420 ya masega (kisafisha moshi cha eksozi) keshokutwa. Mtu ananunua sensa, ananunua masega, na taa inarudi.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Zima injini, ipoe, chomoa soketi za sumaku zote mbili na ufute pini kwa karatasi nyeupe laini. Karatasi ikitoka na oili, tatizo unalo, hata kama gari halina kodi. Kisha chomoa waya hasi wa betri, subiri dakika kadhaa, ndipo uchomoe soketi kubwa za kontroli boksi uzikague hivyo hivyo. Ukikuta pakavu, una bahati: badilisha sumaku mbili na uweke vile vipande vifupi vya waya vinavyounganishwa kati ya sumaku na waya wa gari. Vimetengenezwa kuzuia oili isipande, ili siku nyingine sumaku ikivuja kife kipande cha bei ndogo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo spea bora kuliko zote unayoweza kulinunulia gari hili, na inafaa kuwekwa kabla uvujaji haujaanza.

Ukikuta oili kwenye kontroli boksi, safisha kwa spray ya kusafishia umeme. Petroli hapana, inalainisha sili za mpira. Ning'iniza soketi zikiangalia chini usiku kucha, safisha tena, rudia baada ya wiki, maana oili iliyomo ndani ya waya itaendelea kutoka. Usikimbilie kununua kontroli boksi ya mtumba. Imefungwa na ufunguo wa gari ilikotoka, na ukiichomeka hivi hivi injini haitawaka. Kabla ya kuchukua, ulizia nani ataipanga upya na kwa bei gani.

P0171, mchanganyiko mwepesi, ndipo adapta ya simu inapojilipa. Fungua vipimo viwili: STFT, marekebisho ya mafuta ya papo hapo, na LTFT, yale ambayo kompyuta imeshayakariri. Jumla yake ikiwa ndani ya asilimia 10 juu au chini, sina ugomvi nayo. Injini ikiwa moto na gari limesimama, soma. Kisha pandisha hadi mizunguko 2500, shikilia nusu dakika, soma tena. Ikiwa ilikuwa juu ya 20 gari likiwa limesimama na ikashuka karibu na 5 ulipokanyaga, kuna hewa ya magendo: inaingia bila kupita kwenye kipimo. Kwenye M271 washukiwa wa kwanza ni mipira ya kupumulia ya injini iliyojificha chini ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda). Joto huikausha, ikapasuka upande usioonekana. Kuipapasa kwa kidole tu hakutoshi. Puliza moshi kwa presha ndogo sana uone unapotokea. Kunyunyiza spray ya kusafishia breki huku injini inanguruma ni njia ya zamani ya kuwasha moto pasipotakiwa.

Namba ikiwa juu kote, imesimama na imekanyagwa, tazama mafuta (pampu, filta) au sensa ya hewa. Kwa injini ya lita 1.8 iliyopata moto na kusimama bila AC, sensa ya hewa isome takriban gramu 2 hadi 4 kwa sekunde. Na namba ikiwa hasi unapokanyaga huku gari halina nguvu, angalia mipira na klipu kati ya supachaja na manifoldi. Pale hewa iliyokwisha kupimwa inatorokea nje, na injini inabaki na petroli nyingi kuliko hewa.

Kuzima ghafla injini ikiwa moto, kisha kuwaka tena ikipoa, kwa kawaida ni sensa ya krankishafti, na mara nyingi haiachi kodi yoyote. Adapta inakusaidia hivi: gari likigoma, piga stata huku unatazama mizunguko kwenye simu. Injini inazunguka lakini simu inasema 0? Sensa haioni kitu, au waya wake umekatika. Ikionyesha mizunguko 200 hivi, sensa iko hai. Geukia mafuta na moto wa plagi.

Giaboksi ya otomatiki ya gia 5, ile 722.6, ina ugonjwa wa utambi pia. Soketi ya pini 13 ubavuni mwake huvuja kwenye oring'i, na mafuta ya gia yanapanda waya hadi kompyuta ya giaboksi. Dalili: gari linang'ang'ania gia ya 2. Adapta ya simu haitasema lolote; hapa tableti inahitajika. Soketi yenyewe ni kazi ya muda mfupi, lakini kiwango cha mafuta lazima kipimwe yakiwa na joto la nyuzi 80 kwa kijiti maalumu, kwani gari halikuja na chake. Mafuta yakizidi ni tatizo kama yakipungua.

Wipa zinazojiendesha, taa zinazowaka zenyewe, honi inayolia usiku: usiite mtaalamu wa majini. Inua bonati, toa majani yaliyojaa chini ya kioo cha mbele na uhakikishe matundu ya kutolea maji yanapitisha. Maji yakifurika yanaingia kwenye SAM ya mbele na kuila kutu. Kwa W204, ufunguo ukiingia na kuzunguka halafu pakawa kimya kabisa, dashibodi bila taa, washuku kufuli ya usukani. Mota yake ndogo huchoka. Hilo nalo ni la tableti na fundi anayejua kupanga funguo.

Alama zangu: adapta 4 kati ya 5, tableti 3, na moja ya tableti nimeikata kwa ajili ya leseni. Ukimaliza matengenezo na kufuta kodi, fungua ukurasa wa adapta unaoonyesha kama mifumo imemaliza kujipima. Unahitaji kuwasha injini ikiwa baridi, foleni kidogo, na mwendo wa barabara kuu usiobadilika-badilika, pengine kwa siku kadhaa. Mpaka mistari yote iseme tayari, taa iliyozimika haijathibitisha kitu, na fundi asilipwe salio.