Ukinunua vyakula vya kuongeza damu, anza na maini na dagaa

Mtu akiambiwa hospitali kwamba damu imepungua, nyumbani huchemshwa rozela na kusagwa bitiruti. Wekundu wake ndio unaotuvuta. Lakini mwili unahitaji madini ya chuma ili kutengeneza damu, na bitiruti haifiki hata miligramu 1 ya chuma kwa gramu 100. Ningekuwa na hela kidogo ya sokoni, ningepanga hivi.

Namba moja ni maini. Gramu 100 za maini ya ng'ombe yaliyopikwa zina chuma kama miligramu 6, na chuma cha nyama hufyonzwa vizuri kuliko cha mimea. Chagua ini linalong'aa, ambalo ukilibonyeza linarudi. Mwombe mwenye bucha alipasue mbele yako: ukiona mirija minene iliyokakamaa, liache, huenda limeingiwa na minyoo. Mama mjamzito asiyafanye maini kuwa dawa, kwa sababu yana vitamini A nyingi kuliko inavyomfaa mtoto wa tumboni.

Dagaa ni namba mbili, na kwa familia kubwa ningewapa namba moja bila kusita. Unawala wazima na mifupa yao, kwa hiyo unapata pia kalsiamu, zinki na vitamini B12. Kabla ya kupimiwa sado, chukua wachache uwasugue kiganjani. Mchanga ukibaki, walianikwa chini. Tafuta waliokaushwa kwenye chanja. Mkunje mmoja: aliyekauka sawasawa huvunjika, mwenye unyevu hupinda na ataota ukungu kwenye kopo lako.

Tatu ni kunde, maharage na choroko. Chuma kipo, ila mwili hukipata kwa shida, kwa hiyo hapohapo nunua machungwa, mapera au malimau, kwa kuwa vitamini C hukifungulia njia. Chai ya rangi pamoja na chakula hukizuia; isubiri saa moja au zaidi.

Mchicha na matembele nunua kila siku kwa ajili ya foleti na vitamini A, lakini usivitegemee peke yake kwa damu. Rozela iwe kinywaji tu.

Vidonge na sirapu za dukani nimeviweka mwisho kwa makusudi. Pima kwanza. Malaria, minyoo au hedhi nzito vinaweza kuwa ndiyo chanzo, na mwenye sikoseli asimeze chuma bila daktari kumpima. Wajawazito wana utaratibu wao: Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku pamoja na asidi ya foliki, kwa hiyo ulizia kliniki kabla ya kununua. Na vidonge hivyo vifungie mbali na watoto, maana mtoto mdogo akimeza vingi kwa mkupuo vinaweza kumuua.