Maktaba yako ya Python: PyPI au Debian?

Umeandika maktaba ya Python na unataka wengine waitumie. Uiweke wapi?

Kwa haraka, PyPI, ghala la mtandaoni la vifurushi vya Python, haina mpinzani. Fungua akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili, andika `twine upload dist/*`, na dakika chache baadaye yeyote anaisakinisha kwa pip. Hakuna anayeikagua kabla. Ila ukipakia 1.0.0 yenye kosa, namba hiyo hairudiwi hata ukifuta faili, nenda 1.0.1. (Usiniulize nimejuaje.)

Debian, mfumo endeshi wa Linux wenye ghala lake la programu, ni foleni. Unatangaza nia kwa ripoti ya ITP (Intent to Package, yaani nia ya kufungasha), unaandaa folda ya `debian/` yenye maelekezo ya kufungasha, unatafuta mdhamini wa kukupakilia kama wewe si msanidi wao, kisha wakaguzi wanapitia leseni. Binafsi, faili ya leseni, `debian/copyright`, ndiyo iliyonitoa jasho. Lakini ikishaingia toleo thabiti, msimamizi wa seva anaipata kwa `apt install` tu, na marekebisho ya usalama yanamfikia kwa njia ileile.

Fedha hulipi popote. Matunzo ndiyo yanatofautiana: toleo thabiti la Debian hukaa takribani miaka 2 kabla ya jipya kutoka, kwa hiyo maktaba inayobadilika kila wiki itachakaa humo. Yako imetulia na inaendesha seva za watu? Panga foleni. Bado unabadilisha majina ya funksheni kila Jumatatu? Baki PyPI kwanza.