Uzoefu wangu na Linux Mint dukani Moshi: printa imekubali, fonti ya Algerian imekataa

Mwaka jana Siku ya Nyerere iliangukia Jumanne. Nilifungua duka nusu siku tu, maana steshenari ya Majengo siku ya sikukuu haina cha kuuza zaidi ya kalamu na kopi za vitambulisho. Kabla sijamaliza kufagia kibaraza akaingia mteja ameshika simu mkononi kama mtu aliyeleta habari ya msiba. "Mangi, umesikia hii? Wanasema leo saa sita usiku kompyuta zote zenye Windows 10 zinazimwa."

Alinisikilizisha ile sauti ya WhatsApp mpaka mwisho. Haikuwa kweli, ila haikutoka hewani. Tarehe 14 Oktoba 2025 ndiyo Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10, mfumo uliotoka Julai 2015. Kompyuta haizimwi. Kinachokoma ni viraka vya usalama vya bure, vile vinavyoshuka kila mwezi kuziba matundu wanayoyagundua. Anayetaka kuvuta muda anaweza kupata mwaka mmoja zaidi, hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila kulipa kitu akikubali mipangilio yake ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Nilimweleza yote hayo. Hakuniamini, akaenda kumsikilizisha muuza mitumba wa jirani.

Mimi mwenyewe ule mwaka wa ziada sikuufikiria, kwa sababu ambayo wenye maduka kama langu wataielewa bila kuona aibu: Windows yangu ilipigwa na fundi kwa elfu kumi. Leseni rasmi ningeitoa wapi.

Laptop yenyewe ni used ya Ulaya, prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha nne, RAM GB 8, diski ile ya kuzunguka. Kwa Windows 11 haina sifa. Tangu mfumo huo utoke Oktoba 2021 wanataka TPM 2.0, ambayo ni sehemu ya usalama ndani ya mashine, na kwa prosesa za Intel orodha yao inaanzia karibu kizazi cha nane. Mashine yangu inafanya kazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa moja jioni na haijawahi kunidai kitu, halafu karatasi inasema imezeeka.

Hapo ndipo nilipokosea. Fundi mmoja, simtaji wala siutaji mtaa wake, aliniambia ana njia ya kupita uani, elfu ishirini tu, kesho asubuhi nitakuta Windows 11. Na kweli niliikuta, inang'aa, kitufe cha Start kimehamia katikati. Nikafungua Documents: tupu. Nikatafuta D, ile sehemu ya pili ya diski, haipo, diski nzima imekuwa chumba kimoja. Fundi akanitazama usoni akasema, "Mi nilijua umebakapu."

Sikuwa nimebakapu. Miaka kumi na mitatu ya duka, mafaili nimeyahamisha kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, na siku zote nakala ilikuwa ile moja. CV za watu, mitihani ya shule ya msingi, katiba za vikoba, kadi za michango, barua za kuomba kazi ambazo mwenyewe anakuja kila mwaka kubadilisha tarehe tu. Kosa la kufomati ni lake. Kosa la kutokuwa na nakala ni langu, na ndilo kubwa zaidi. Na ile 11 ya uani ilikuwa nzito ajabu. Unabonyeza Word unaenda kununua vocha unarudi bado inafikiria. Tena Microsoft wenyewe wanasema mashine isiyo na sifa haina uhakika wa kupata viraka. Kwa hiyo ningekuwa na mfumo mpya wenye tatizo lile lile la mfumo wa zamani.

Aliyeniokoa ni kijana wa bodaboda anayeegesha mbele ya duka. Ana shahada ya kompyuta, pikipiki ndiyo ajira. Neno lake la kwanza lilikuwa: "Broo, zima. Usiandike kitu kingine kwenye hiyo diski." Akaitoa, akaifunga kwenye gazeti, akaniambia niiweke droo ya fedha. Tukanunua SSD, diski ya kasi isiyozunguka, ya GB 240 kwa elfu sitini na tano, akarudi kesho yake na flashi yenye Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows.

Sasa nije kwenye hiyo Mint yenyewe. Nimeitumia tangu katikati ya Oktoba.

Toleo ni 22.2, aina ya Xfce ambayo ni nyepesi kwa mashine za zamani. Faili lake linakaribia GB 3. Alilishusha kwa bando la usiku, akaliweka kwenye flashi kwa programu inayoitwa Rufus. Kilichonipendeza kwanza ni kwamba unaiwasha kutoka kwenye flashi na kuijaribu bila kugusa diski. Nilichapa barua, nikafungua intaneti, nikachomeka printa, yote hayo kabla ya kuisakinisha. Fundi wa elfu ishirini hakunipa nafasi hiyo. Kusakinisha kulichukua muda wa chai moja na maandazi mawili. LibreOffice ya kuandikia nyaraka, badala ya Office ya Microsoft, na Firefox ya kufungulia intaneti zimo tayari, na matoleo ya 22 yatapewa viraka hadi 2029, bure kabisa. Sasa nikibonyeza kitufe cha kuwasha, kabla sijafungua dirisha la pili la duka kompyuta inanisubiri. SSD imesaidia sana hapo, lazima niseme ukweli, nusu ya sifa ni yake.

Masasisho yanakuja kama kialama cha ngao pale chini pembeni. Kikiwa na nukta, kuna jipya. Unabonyeza ukitaka, unaacha ukitaka. Hakuna asubuhi mteja amesimama na flashi mkononi, deadline ya maombi ya mkopo ni leo, na skrini inakwambia subiri asilimia 30. Kuna pia Timeshift, inayopiga picha ya mfumo kabla hujaugusa ili ukiharibika urudi nyuma. Haihifadhi nyaraka zako lakini; kwa hizo nimenunua diski ya nje, na kila Jumamosi jioni nakopi. Nimeshajifunza.

Tuje kwenye machungu.

Printa yangu ni ya matangi ya wino, tatu kwa moja. Kuchapa ilikubali palepale nilipochomeka waya. Skana ikagoma siku mbili, mpaka tulipopata dereva ya Linux, yaani programu ya kuiendesha, kwenye tovuti ya watengenezaji. Siku mbili kwa duka linaloishi kwa kuskani vyeti ni hela nyingi.

Fonti ndiyo vita yenyewe. Times New Roman hukuti, ila LibreOffice inaweka Liberation Serif ambayo herufi zake zina upana uleule, mistari haihami, na ukitaka Times na Arial zenyewe kuna kifurushi cha kuziongeza. Shida ni Algerian. Kila aliyewahi kuchangia harusi Kilimanjaro anaijua Algerian hata kama hajui jina lake, ile fonti ya herufi zenye kivuli inayoandika FAMILIA YA BWANA NA BIBI juu ya kadi. Hiyo inakuja na Office ya Microsoft, Mint haina cha kukupa. LibreOffice ikaibadilisha kimyakimya na kuweka fonti kavu. Mama mmoja wa kamati ya harusi akaishika kadi ya mfano, akaigeuza, akaniuliza, "Mangi, hii ni kadi ya mchango au ni samansi?" Nikahangaika mpaka nikapata fonti huria inayokaribiana nayo. Akaikubali kwa shingo upande, akapunguza na bei.

Halafu kadi zangu zote zilikuwa za Publisher, programu ya Microsoft ya kupangia kadi na matangazo. Draw ya LibreOffice inazifungua, ila maua yanakalia maneno na maneno yanakimbilia ukingoni. Nimeanza kuzichora upya moja moja. Nilikuwa nanung'unika mpaka niliposoma kwamba Microsoft wenyewe wanaiacha Publisher Oktoba 2026. Wenzangu wa steshenari mnaojipa raha na Windows yenu, anzeni kuchora.

Lakini kilichojaza kibaraza changu miezi hii ni ubishi. Kuna mwalimu mstaafu anayekuja kusoma magazeti bila kununua, na huyu kijana wa bodaboda. Mwalimu aliposikia nimebadilisha mfumo akatikisa kichwa: kitu kinachofanya kazi hakiguswi. Akatoa mfano wa 19 Julai 2024, sasisho moja bovu la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, likaangusha kompyuta kama milioni 8.5 duniani, ndege zikalala viwanjani. (Haikuwa sasisho la Microsoft, japo zilizoanguka ni Windows. Mwalimu hapendi kukatizwa na vitu vidogo.) Kijana akamjibu kwa Mei 2017. WannaCry, programu hasidi inayofunga mafaili na kudai fedha, iliingia hospitali za Uingereza kupitia tundu ambalo kiraka chake kilishatoka Machi, miezi miwili kabla. Waliolia wengi ni ambao hawakuweka kiraka.

"Shikamoo yako naipokea, mwanangu, lakini viraka navyo vina mwisho," Mwalimu akasema.

Neno viraka likawa kosa, maana hapa kwetu viraka si vya kompyuta peke yake. Dakika mbili baadaye tulikuwa kwenye Katiba ya 1977 na mabadiliko yake 14, la mwisho mwaka 2005. Kijana: viraka vikizidi nguo, nguo yenyewe iko wapi? Mwalimu: nguo yenye viraka inasitiri, na wewe umezaliwa ndani yake, hukuzaliwa uchi. Kijana akarudi kwenye rasimu ya Tume ya Jaji Warioba na serikali zake tatu, Bunge Maalumu la 2014, kura ya maoni iliyopangwa 30 Aprili 2015 ikaahirishwa mpaka leo. "Toleo jipya lilishushwa lote, Mwalimu, mkakataa kubonyeza." Mwalimu akamwambia asiseme "mkakataa" kana kwamba yeye alikuwa mbunge. Wateja wawili wakaacha foleni ya kopi wakachagua upande. Mimi nikawa nauza bahasha.

Maoni yangu ya muuza bahasha ni kwamba kwenye kompyuta wote wawili wanasema jambo moja. Mwalimu angeendelea na Windows 10 kwa amani miaka mingine mitano kama viraka vingeendelea kushuka. Fundi cherehani ndiye amesema hashoni tena, na anayeamua nguo yako imechakaa ni yeye, wewe uliyeivaa huulizwi. Hicho ndicho kilichonihamisha, kuliko hata uzito wa mashine. Kwenye katiba sisemi, nina wateja wa pande zote.

Tarehe 29 Oktoba, siku ya uchaguzi, intaneti ikaondoka nchi nzima na ikakaa siku kadhaa bila kurudi. Kwenye hizi kurasa za uzoefu nitasema tu kwamba Mint haikulalamika, LibreOffice iliandika kama kawaida, na ngao iliporudi kuwa na nukta ilikuwa Novemba. Kibaraza kilikaa muda mrefu bila ubishi. Mwalimu alikuwa anapita na gazeti lake bila kukaa, kijana naye anaegesha upande wa pili wa barabara. Walianza tena kusalimiana karibu na Krismasi.

Januari ndiyo tulipoitoa ile diski kwenye gazeti. Kijana aliichomeka kwa waya wa USB, akafungua programu ya bure inaitwa PhotoRec, na ikatafuna usiku kucha. Inaokoa mafaili kwa kutambua aina yake tu, majina hayarudi. Kwa hiyo nina folda zenye maelfu ya vitu vinavyoitwa f na tarakimu nyingi, docx, docx, doc, jpg. Vingine vimekatika katikati. Wateja wakiwa wachache nafungua moja baada ya nyingine na kuipa jina. CV, CV, mtihani wa Hisabati darasa la sita, kadi, CV, ratiba ya ibada ya mazishi.

Wiki iliyopita nikafungua moja ya doc, zile za zamani kabisa, kurasa mbili. Inaanza: Kwa Mwenyekiti, Tume ya Mabadiliko ya Katiba. Ni ya 2012. Hoja tisa zimepangwa kwa namba, na hoja ya tatu inataka madaraka ya Rais yapunguzwe. Chini kuna jina na anwani ya Mwalimu. Niliichapa mimi mwenyewe na nilikuwa nimesahau kabisa.

Alipokuja na gazeti lake nikamgeuzia skrini. Kijana alikuwa amekaa kwenye stuli, akainuka akasoma begani kwake bila kusema kitu, jambo ambalo si kawaida yake. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma mpaka mwisho.

"Nitolee kopi mbili," akasema.

Kurasa mbili mara mbili ni mia nane. Nikamwambia achukue tu. Akakataa, akaacha mia nane juu ya skana, kopi moja akaikunja na kuitia mfukoni, nyingine akampa kijana.